Friji inalia "tak", sensa haioni mtu, ekosaunda imepofuka: kutafuta kasoro za seramiki yenye kumbukumbu

Mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, huletwa vitu ambavyo mwenye navyo hakubali kwamba ni ndugu: rilei ya friji kutoka Makorora, taa ya sensa ya geti la Raskazone, bodi ya chaja ya sola, na transdyusa (kichwa kinachotoa na kupokea sauti) ya ekosaunda, mashine ya kupimia kina cha maji, ndani ya mfuko wa rambo, bado inanuka samaki. Lakini ukivipasua, ndani ya kila kimoja unakuta kipande cha seramiki ya jamii moja. Wataalamu huiita feroelektriki. Jina linasikika kama lina chuma, ila chuma hamna. Imeitwa hivyo kwa sababu tabia yake inafanana na ya sumaku.

Chukua bariamu titaneti, mkubwa wa ukoo huu. Ndani ya fuwele yake, atomu ya titani imefungiwa kwenye kizimba cha atomu za oksijeni. Kwenye joto letu la kawaida haikai katikati, imeegemea upande mmoja, kwa hiyo kizimba kina upande chanya na upande hasi. Vizimba jirani huegemea pamoja na kufanya mtaa mzima. Ukiweka uga wa umeme, mitaa hugeuka kuufuata. Ukiuondoa, mingi hubaki ilivyogeuzwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Ukipasha moto hadi kama nyuzi 120 za Selsiasi, titani hurudi katikati, kizimba kinakuwa mchemraba kamili, na kumbukumbu inafutika. Mpaka huo huitwa joto la Curie, kwa jina la Pierre Curie, yule ambaye mwaka 1880 na kaka yake Jacques waligundua kwamba aina fulani za fuwele ukizibana hutoa umeme, tabia iitwayo piezo.

Kabla sijafungua skrubu huwa najiuliza maswali matatu. Seramiki imepata joto kiasi gani? Imewekewa volti ngapi juu ya unene gani? Imekaa muda gani? Swali la pili ndilo mafundi wengi hulikata katikati: huuliza volti, unene wakauacha. Nitalirudia mpaka mnichoke.

Onyo moja kabla ya yote. Chochote kinachochomekwa ukutani, kichomoe kabisa. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Kapasita kubwa za bodi hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Kama huna mita, au unayo lakini hujui kupima volti za ukutani bila kushika ncha zake, fanya yale mepesi tu na mengine umwachie fundi.

Friji inaguna, inalia "tak", inanyamaza

Hii ndiyo kesi namba moja, hasa jioni za kaskazi, Desemba hadi Machi. Mteja anaingia na hukumu mkononi: "Mgosi, gesi imeisha." Gesi haijaisha. Friji iliyoishiwa gesi hunguruma mchana kutwa bila kupoza. Hii haianzi kabisa: kompresa inaguna sekunde chache, ovalodi, swichi inayoikinga mota na joto, inakata kwa mlio wa tak, kimya kidogo, halafu mchezo unarudiwa.

Ubavuni mwa kompresa, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna rilei isiyo na kitu kinachotembea ndani. Ina kidonge cha mviringo, kipana kama sarafu. Ni bariamu titaneti iliyotiwa lanthani au itri kidogo mno ili ipitishe umeme. Kikiwa baridi, ukinzani wake ni mdogo. Mkondo unapita kwenda koili ya kuanzishia, kompresa inapata msukumo. Mkondo huohuo unakichemsha kidonge, na kwa muda kama wa sekunde moja kinavuka joto lake la Curie. Hapo ukinzani unaruka mara maelfu na koili ya kuanzishia inabaki bila mkondo wa maana, huku koili kuu ikiendelea na kazi. Ni mkondo wa Kitanga: waja leo waondoka leo.

Kwa nini unaruka? Kidonge ni chembe nyingi za fuwele zilizoshikana. Kwenye mipaka ya chembe kuna chaji zilizonasa ambazo ni kama ua linalozuia umeme kupita. Chini ya joto la Curie, ule mwegemeo wa vizimba huzituliza chaji hizo na ua linakuwa fupi. Ukivuka, mwegemeo unakufa, ua linasimama. Kiwandani wanaweza kuusogeza mpaka wenyewe: strontiamu kidogo huushusha, risasi huupandisha. Ndiyo maana vidonge vinavyofanana kwa macho havifanani kwa kazi, na kununua kwa kulinganisha sura ni kubahatisha.

Sababu ya kwanza na ya kawaida kuliko zote ni kwamba kidonge bado kina moto. Friji inapotembea, mkondo mdogo unaovuja hukiweka kikiwa cha moto muda wote. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde 10, kidonge hakijarudi upande wa baridi. Koili ya kuanzishia haipati kitu, na kompresa ina shinikizo la gesi la kusukuma. Inaguna tu. Basi chomoa friji, iache dakika 10 kamili kwa saa, siyo kwa kukisia, kisha chomeka. Ikianza vizuri, rilei ni nzima na ugomvi wako ni umeme wa kukatika na kurudi. Funga friji gadi yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5. Lakini kabla ya kuinunua, itikise plagi kwenye soketi. Nilimbadilishia mama mmoja wa Mikanjuni rilei tatu ndani ya mwaka mmoja, nikiona fahari kila mara friji inapowaka. Kumbe soketi ilikuwa imelegea, kila mtu akipita na kugusa waya friji inakatika nusu sekunde. Rilei ya kwanza labda haikuwa na kosa lolote. Ya pili na ya tatu nilipaswa kuzilipa mimi.

Sababu ya pili ni volti ndogo. Kipimo cha nchi ni 230. Pima pale soketini wakati kompresa inajaribu kuanza. Ukipima kabla utadanganyika. Nguvu ya mota ya kuanza hufuata mraba wa volti: ukibaki na 180, umebakiwa na asilimia 61 hivi ya nguvu. Kidonge nacho huchelewa kuchemka, koili ya kuanzishia inabeba mkondo muda mrefu, ovalodi inaona joto inakata. Waya mwembamba wa ekstensheni wa mita 20 peke yake unaweza kukufikisha huko.

Ya tatu ni kidonge chenyewe kufa. Friji ikiwa imechomolewa na imepoa nusu saa, ng'oa rilei, itikise sikioni. Ikicheza ndani kama punje za mahindi, kidonge kimepasuka. Nusa: harufu ya kuungua inatosha kuwa ushahidi. Kisha pima ukinzani. Nyingi zikiwa baridi husoma kati ya omu 10 na 50. Ikisoma wazi kabisa, imekufa. Ikisoma vizuri na bado una shaka, ibane kwenye mita, uipulize kwa mashine ya hewa ya moto ya kung'olea IC, yaani chipu za bodi. Namba itatulia au kushuka kidogo, halafu karibu na nyuzi 120 itapaa ghafla hadi maelfu. Vijana wanaojifunza kwangu huwaita wenzao waje waone, na sioni ubaya: hiyo ni fuwele inageuka hali mbele ya macho yao, kwa betri ya mita tu. Kidonge kisichopaa ni kibovu hata kama kinasoma omu nzuri kikiwa baridi, na hicho ndicho huunguza koili.

Ukishamaliza hayo ndipo uitazame ovalodi, na mwisho kompresa. Kwenye ncha zake tatu, kipimo kikubwa kinapaswa kuwa jumla ya vile viwili vidogo. Kati ya ncha yoyote na mwili wa chuma pasisome kitu.

Simama hapa na umwite fundi wa friji kama: mwili wa kompresa unasoma na ncha yoyote; umeguswa na shoti ukishika mlango; au kibandiko kimeandikwa R600a. Gesi hiyo ni aisobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, inalipuka. Kubadili rilei yenyewe hakufungui gesi, lakini rilei isiyokaa sawasawa hutoa cheche, na kama kuna uvujaji hutapata nafasi ya pili. Usijaribu pia kuianzisha kompresa "kwa waya" kama walivyokuwa wakifanya wakubwa wetu.

Kapasita mpya, namba sahihi, lakini bodi bado inajizima

Chaja ya sola, redio, bodi ya taa za LED. Umeona kapasita ndogo ya seramiki imeungua, umeweka nyingine ya mikrofaradi 10, umeipima kabla: 10. Kifaa kinawaka mezani, kikipewa kazi kinajizima au spika inakoroma. Fundi anaanza kuilaumu IC.

Hapa ndipo unene unapokuja. Kapasita hizi ni tabaka nyingi za bariamu titaneti, na katika ndogo za kisasa tabaka moja ni mikromita 1 hivi. Weka volti 5. Tano juu ya mikromita moja ni sawa na volti 5,000 kwa milimita. Hewa hupasuka cheche kwenye kama 3,000 kwa milimita. Yaani ndani ya kile kipunje kwenye chaja ya simu kuna uga mkali kuliko ule unaorusha cheche hewani, na umetoka kwenye volti 5 ambazo unaweza kuzigusa kwa ulimi.

Uga huo huikaza ile mitaa. Mashua iliyofungwa kwa kamba legevu hucheza na kila wimbi. Ikaze kamba, wimbi linapita chini yake na yenyewe haitikisiki. Kapasita inategemea kule kucheza. Ikishakazwa na volti za moja kwa moja, uwezo wake wa kuhifadhi chaji unaporomoka: mikrofaradi 10 inaweza kubaki 4, au chini ya hapo, ikifika volti ilizoandikiwa. Mita yako haioni hili kwa sababu inapima bila volti juu yake. Mita haisemi uongo. Imeulizwa swali jingine.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni hiyo, na jaribio lake ni jepesi. Sambamba na kapasita unayoishuku, shikiza kapasita ya elektrolaiti ya mikrofaradi 22, ukiangalia chanya na hasi. Tatizo likitulia, umepata jibu. Dawa ni kapasita ya volti nyingi zaidi na, hili wengi hulisahau, yenye mwili mkubwa zaidi. Watengenezaji hubana uwezo mkubwa kwenye mwili mdogo kwa kupunguza unene wa tabaka, na tabaka jembamba ni uga mkali. Ukikosa mwili mkubwa, weka mbili sambamba.

Joto linafuata. Zile zenye alama Y5V ni rahisi na zimejaa sokoni. Zinaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ndani ya mipaka yao ya nyuzi 30 chini ya sifuri hadi 85 juu. Weka moja kwenye chaja iliyopigiliwa chini ya bati mwezi wa pili, halafu shangaa. X7R huruhusiwa asilimia 15 tu kupanda au kushuka, mpaka nyuzi 125. Palipo na kazi ya kuhesabu muda au masafa, usiweke feroelektriki yoyote. Tafuta C0G, ambayo si ya ukoo huu na haina habari na joto wala volti.

Muda nao unakula. Tangu siku ilipotoka kwenye joto, mitaa ya ndani inaendelea kujipanga na uwezo unashuka: upungufu wa saa ya 1 hadi ya 10 unarudiwa saa ya 10 hadi ya 100, kisha 100 hadi 1,000, na kuendelea. Kwa X7R ni asilimia 1 hadi 2 na nusu kila hatua. Ukiipasha moto kupita joto la Curie, kwa mfano nyuzi 150 kwa saa moja, inazaliwa upya na kuanza kuhesabu tena. Ndiyo sababu kapasita uliyotoka kuichomelea husoma juu kidogo. Iache ilale, kesho ndiyo uipime.

Kama bodi inapiga filimbi nyembamba, hiyo ni seramiki inanyumbuka na volti zinazopanda na kushuka. Haidhuru, inakera. Kijiti cha plastiki ukikandamiza kitakuonyesha ni ipi, kwenye bodi ya volti ndogo tu. Upande wa bodi unaogusa umeme wa ukutani, weka kijiti chini. Na kapasita inayosoma shoti baada ya bodi kuanguka au kukunjwa imepasuka tabaka. Usiiwashe "kuona itakuwaje", kwa maana itakuwa moshi.

Taa ya sensa: mchana haioni, usiku inaona majini

Sensa ya taa hizi ina vipande viwili vidogo vya seramiki au fuwele, vyote na kumbukumbu yao. Joto likipanda kidogo, ule mwegemeo wa vizimba unapungua, chaji inatokea juu ya uso. Zingatia: inahisi badiliko, haihisi joto. Vipande viwili vimeunganishwa kinyume ili kama chumba kizima kikipata joto vifutane. Lazima mtu apite mbele ya kimoja, kisha kingine. Mlinzi aliyesinzia kwenye kiti amefutika, na taa inamzimia.

Malalamiko ya kwanza: "Haiwaki mtu akiingia." Kabla ya ngazi, jiulize mtu anaingiaje. Akija moja kwa moja kuielekea sensa, vipande vyote vinamwona pamoja. Akipita kwa kukatiza, anaonekana. Kuisogeza taa mita mbili pembeni mwa geti kumemaliza nusu ya kesi zangu. Kisha futa kile kioo cheupe cha plastiki: hapa pwani chumvi na vumbi hukifunika kwa miezi. Kifute kwa kitambaa chenye maji, usitumie petroli. Usiifiche nyuma ya dirisha la kioo, kwani mionzi ya mwili wa mtu, ya urefu wa mawimbi wa mikromita 10 hivi, haipiti kioo cha kawaida.

Baada ya hayo ndipo tuseme hali ya hewa. Sensa inamtofautisha mtu na ukuta ulio nyuma yake. Ngozi iko nyuzi thelathini na kitu, ukuta uliopigwa jua la alasiri uko hapohapo. Hakuna tofauti, hakuna mtu. Hiyo si kasoro ya kutengenezwa; ongeza unyeti kama kuna kitufe, au ielekeze kwenye kivuli cha mwembe.

Inayowaka ovyo usiku ina hadithi nyingine: mjusi juu ya plastiki, matawi yanayopepea mbele ya ukuta wenye moto, feni ya nje ya AC, wadudu walioingia ndani. Ukiiwasha upya, mpe dakika moja atulie; zote huwa na wasiwasi mwanzoni. Ikiwa imekufa baada ya kubadilishiwa sensa, muulize aliyechomelea alishikilia solda sekunde ngapi. Kama taa imefungwa nje kwenye umeme wa ukutani na ndani yake kuna maji, usiendelee. Zima kwenye meinswichi, mwite fundi wa umeme.

Kibiriti cha jiko, kengele iliyofifia, na santuri ya babu

Kibiriti cha kubonyeza cha jiko la gesi: mara tisa katika kumi ni ncha yenye mafuta au unyevu wa chumvi, na cheche inapita njia ya mkato. Futa, kausha, hakikisha mwanya wa ncha ni milimita 3 hadi 5. Ukisikia nyundo inagonga na huoni cheche hata gizani, seramiki au waya umepasuka, nunua kingine. Ukinusa gesi usibonyeze kabisa, fungua madirisha kwanza.

Kengele ya piezo, ile sahani ya shaba yenye duara jeupe, ikianza kulia kama mgonjwa, uliza kama kuna aliyeiunganisha na umeme wa ukutani kwa bahati mbaya. Duara lake ni milimita 0.2 hivi. Volti 230 za ukutani hufika kilele cha 325, na 325 juu ya milimita 0.2 ni zaidi ya 1,600 kwa milimita, ukigeuka huku na kule mara 50 kwa sekunde. Seramiki laini za aina hii hupindua kumbukumbu zao kwenye kama 1,000 kwa milimita. Imevurugwa, haijaungua, na kwa macho huoni kitu. Badilisha.

Wapo bado wanaoniletea gramafoni za enzi za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, sindano mpya, sauti hakuna. Vichwa vya zamani vilikuwa na fuwele ya chumvi ya Rochelle, iliyotengenezwa kwanza na Seignette, mwuza dawa wa mji wa La Rochelle, Ufaransa, katika karne ya 17. Ndiyo kitu cha kwanza duniani kuonekana kuwa feroelektriki. Joseph Valasek aliigundua hali hiyo mwaka 1920 huko Minnesota, Marekani. Lakini ni feroelektriki kati ya nyuzi 18 chini ya sifuri na 24 juu tu. Kwa joto la Tanga hii, huwa feroelektriki usiku wa baridi tu; mchana imeshavuka mpaka. Mchana ilicheza taarabu kwa tabia yake ya piezo peke yake. Unyevu huiyeyusha, na kwenye nyuzi 55 huyeyuka katika maji yake yenyewe. Kama kichwa kinavuja unga mweupe, usikipulize moto kukikausha. Tafuta kichwa cha seramiki kinachoingia palepale.

Ekosaunda imepofuka

Skrini inawaka, namba ya kina haipo au inacheza, au inasoma nusu mita na nahodha anajua yuko kwenye pima kumi. Ndani ya transdyusa kuna duara la PZT, seramiki ya risasi, zirkoni na titani. Mashine inalipiga mapigo ya umeme, mara nyingi kilohezi 50 au 200. Linatetemeka, sauti inashuka kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde, inagonga chini na kurudi kulitikisa duara lilelile. Maji ya mita 30 ni safari ya sekunde 0.04.

Anza na hewa, maana ndiyo adui wa kwanza. Kama inasoma vizuri ukisimama na kupotea ukikimbia, mapovu yanapita juu ya uso wake. Ishushe kidogo au isogeze mbali na mapanga ya injini. Kama imebandikwa ndani ya chombo, faiba isiyo na povu katikati itapitisha sauti. Mbao haitapitisha kwa sababu mbao imejaa hewa. Mashua za mbao lazima uso wake uguse maji.

Kisha kwangua kombe na uoto kwa kijiti cha mti, usitumie panga. Angalia plagi: kutu ya kijani kwenye pini moja inatosha. Tazama pia masafa yaliyochaguliwa; 200 huona wazi maji mafupi, 50 hufika kina zaidi. Nahodha mmoja wa Sahare aliniuliza kwa uchungu kwa nini mashine haimwonyeshi silikanti, na hifadhi yake iko hapahapa tangu 2009. Nilimjibu mzee wangu, samaki anayekaa mita mia na zaidi chini, kwenye mapango ya mwamba, hata mashine nzima haitamtofautisha na jiwe. Na ungemwona ungemfanya nini?

Jaribio la sikio: itumbukize transdyusa kwenye ndoo ya maji, washa, weka sikio karibu na ndoo. Nyingi hutoa tiki-tiki hafifu. Usiiache ikifanya kazi muda mrefu nje ya maji.

Ukitaka kupima, ichomoe kwanza kwenye mashine, kwani mapigo yake ni mamia ya volti. Kati ya waya zake mbili kuu, kapasita ya duara husoma kutoka mamia ya pikofaradi hadi nanofaradi kadhaa. Ikisoma kidogo kama waya mtupu, waya umekatika ndani. Nyingine zina transfoma ndogo humo na zitasoma kama shoti. Hiyo ni hali yake, usiipasue. Kama una oskiloskopu, gonga uso kwa kidole: duara zima litarusha wimbi. Kapasita nzuri na kidole hakijibiwi, basi kumbukumbu imefutika.

Nani kaifuta? Jua halina hatia; sitaha yenye nyuzi 70 haifiki popote, PZT nyingi zina joto la Curie kati ya nyuzi 190 na 365 kwa kutegemea aina. Megger (mita ya kupimia kinga ya waya) ya volti 500 nayo haina hatia kwa duara la kilohezi 200: unene wake ni milimita 10 hivi, volti 50 tu kwa milimita. Wanaofuta ni wawili. Solda ya nyuzi 350 iliyokawizwa kwenye uso wa duara na mtu aliyejaribu kuunga waya, na moto wa makuti chombo kinapopandishwa mchangani kuchomwa wadudu wa mbao. Kabla ya kuwasha makuti, ng'oa transdyusa, hata kama wanakuharakisha maji yanajaa.

Hapo ndipo pa kusimama. Kuirudishia kumbukumbu kunataka volti 2,000 hadi 3,000 kwa kila milimita, ndani ya mafuta ya moto; kwa milimita 10 ni volti 20,000 hadi 30,000. Asije mtu akakudanganya kuwa ana njia ya mkato kwa koili ya pikipiki. Usiipasue wala kuipiga msasa kuona ndani: zaidi ya nusu ya uzito wa PZT ni risasi, na vumbi lake halimfai mtu, sembuse watoto wanaookota vitu pwani. Kabla hujaitupa, nakili kilichoandikwa kwenye waya wake, yaani masafa, wati na idadi ya pini, upige na picha ya plagi. Transdyusa ya masafa mengine itaingia kwenye plagi vizuri kabisa, skrini itawaka, na wiki ijayo utakuwa umerudi kwangu na mfuko wa rambo.